Bidhaa za kuigwa: Nani hufaidi, nani huumia?

WAHENGA walinena kuwa kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilizaliwa katika soko ambalo mnunuzi aliweza kulishika embe, kulinusa na kulibinya kabla ya kutoa pesa zake. Katika soko la leo, ambapo mbegu zimefungwa ndani ya pakiti, dawa imefichwa ndani ya kidonge na betri imo ndani ya simu, mara nyingi mambo huwa kinyume. Kibaya huvishwa vazi la kizuri, kikapangwa nacho kwenye rafu moja, na bei yake nafuu ikamvuta mteja.

Biashara hii si ndogo. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) pamoja na afisi ya Umoja wa Ulaya inayosimamia haki za ubunifu (EUIPO) yalikadiria kwamba bidhaa ghushi zilizovuka mipaka ya mataifa mwaka wa 2019 zilikuwa na thamani ya hadi dola bilioni 464 za Marekani, yaani asilimia 2.5 ya biashara yote ya kimataifa. Makadirio hayo hayakuhesabu bidhaa zilizoghushiwa na kuuzwa ndani ya nchi moja.

Hata hivyo, si kila kinachofanana na kingine ni haramu, wala si kila mwigaji ni mwizi. Zipo bidhaa za kuigwa ambazo zimeua, na zipo zilizookoa maisha ya mamilioni ya watu. Makala haya yanaeleza jinsi uchumi wa kuiga unavyofanya kazi, na ni kwa nini taifa linaloshindwa kutofautisha aina moja na nyingine hujiumiza lenyewe.

Maneno yasiyofaa kuchanganywa

Katika mazungumzo ya mitaani, neno ‘feki’ hutumiwa kwa kila kitu kisichoaminika. Kisheria na kiuchumi, kuna mambo matatu tofauti.

La kwanza ni bidhaa ghushi. Hii hubeba jina au alama ya biashara ya mtu mwingine bila idhini yake, ili mnunuzi adhani imetoka kwa mwenye jina hilo. La pili ni bidhaa ya kuigwa, ambayo hufanana na nyingine kwa umbo au matumizi, lakini huuzwa kwa jina lake yenyewe. Hii huweza kuwa halali kabisa. La tatu ni bidhaa duni, isiyofikia viwango vilivyowekwa hata kama jina lililoandikwa juu yake ni la kweli.

Haki zinazolinda ubunifu pia ni za aina mbalimbali. Hataza humlinda mvumbuzi wa kifaa, dawa au mbinu mpya, na kwa kawaida hudumu miaka 20. Alama ya biashara hulinda jina na nembo, na huweza kuhuishwa tena na tena. Hakimiliki hulinda kazi kama vile vitabu, nyimbo na picha. Muda wa hataza ukiisha, yeyote ana ruhusa ya kutengeneza kitu kile kile. Hiyo si hitilafu ya sheria. Mvumbuzi hupewa muda wa kuvuna jasho lake, kisha jamii nzima hurithi ujuzi wake.

Hesabu ya mwigaji

Ili kufahamu ni kwa nini kuiga hulipa, tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme kampuni fulani imetumia Sh100 milioni kutafiti na kujaribu kifaa kipya, na kwamba kila kifaa hugharimu Sh200 kukiunda. Ikitarajia kuuza vifaa 500,000, ni lazima ipate Sh200 zaidi kwa kila kimoja ili irejeshe gharama ya utafiti pekee. Basi haiwezi kuuza kwa chini ya Sh400 bila kupata hasara.

Mwigaji hakutafiti chochote. Hununua kifaa kimoja, akakifungua na kukichunguza, kisha akaunda chake kwa Sh200. Akikiuza kwa Sh250, amepata faida ya Sh50 na mnunuzi ameokoa Sh150. Wote wawili hufurahi siku hiyo. Anayelia ni mvumbuzi, na huenda asivumbue tena.

Hesabu ya anayeghushi ni tofauti kidogo. Yeye hakwepi gharama ya utafiti tu, bali huiba pia imani ambayo mwenye jina ameijenga kwa miaka mingi. Kwa kuwa lawama ya ubovu humwendea mwenye jina, yeye hana sababu ya kutumia malighafi bora. Hapo ndipo hatari ilipo. Mwigaji anayetumia jina lake mwenyewe huhitaji mteja arudi kesho, ilhali anayeghushi huhitaji tu mteja aamini leo.

Kutoka merikani hadi kisu cha Mjerumani

Pwani ya Afrika Mashariki iliijua biashara hii kabla ya kuwepo kwa sheria yoyote ya kuidhibiti. Baada ya mkataba wa mwaka wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said wa Oman na Zanzibar, wafanyabiashara kutoka Salem, jimboni Massachusetts, walileta kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi. Wenyeji walikiita merikani, na kilienea hadi bara ambako kilitumiwa kama fedha katika njia za misafara. Waingereza walijaribu kukiiga, lakini wanunuzi walikuwa mafundi wa kupapasa uzito na ufumaji, na hawakudanganyika kwa urahisi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilikatiza biashara hiyo. Viwanda vya Bombay nchini India navyo vilikuwa vimeanza kukua, na kufikia mwishoni mwa karne hiyo ndivyo vilivyolitawala soko la pwani. Jina halikubadilika. Merikani iliendelea kuitwa merikani hata ilipofumwa India, kwa kuwa wanunuzi walijali aina ya kitambaa kuliko mahali kilikotoka.

Ulaya nayo ilipitia njia hiyo hiyo. Mwaka wa 1887, bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyolenga bidhaa za kigeni zilizokuwa zikiuzwa kana kwamba ni za Kiingereza. Miongoni mwa malalamiko yaliyoichochea ni yale ya wafuaji wa visu wa Sheffield, waliodai kuwa Wajerumani walichonga jina la mji huo kwenye visu vyao hafifu. Bidhaa za Ujerumani zikalazimika kuonyesha asili yake. Katika miaka iliyofuata Wajerumani waliboresha kazi yao, na maandishi yaliyokusudiwa kuwa onyo yakawa ishara ya ubora hadi leo. Mataifa mengi yaliyoendelea yalijifunza kutembea kwa kufuata nyayo za wengine, kisha yakawa ya kwanza kudai ulinzi yalipopata cha kulinda.

Mnunuzi asipoweza kupambanua

Mwaka wa 1970, mwanauchumi George Akerlof wa Marekani alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyokwisha kutumika. Alieleza kuwa muuzaji hujua kama gari lake ni bovu, lakini mnunuzi hajui. Kwa kuhofia kupunjwa, mnunuzi hukataa kulipa bei ya gari zuri. Wenye magari mazuri huona bei hiyo haiwafai, wakayaondoa sokoni. Wanaobaki ni wenye magari mabovu, na hofu ya mnunuzi huzidi. Kazi hiyo ilichangia kumfanya mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka wa 2001. Kwa ufupi, pale ambapo ubora hauonekani, kibaya hukifukuza kizuri.

Hakuna mahali ambapo jambo hili huumiza kama shambani. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017, ambapo wataalamu walinunua mbolea na mbegu katika maduka ya kawaida nchini Uganda na kuzipima, ulibaini kuwa mbolea ilipungukiwa na takriban asilimia 30 ya virutubisho vilivyostahili kuwemo, na kwamba mbegu za mahindi zilizodaiwa kuwa za kisasa zilikuwa na chini ya nusu ya mbegu halisi. Watafiti hao walionyesha pia ni kwa nini mkulima hagundui mapema. Mavuno yakipungua, huenda ni mvua iliyochelewa, au ni viwavi, au ni udongo uliochoka. Aliyemuuzia mbegu hajulikani kuwa ndiye mwenye hatia.

Matokeo yake ni kwamba mkulima huhitimisha kuwa mbegu za kisasa ni upuzi, akarudia zile alizohifadhi kutoka msimu uliopita. Muuzaji mwaminifu hukosa wateja kwa kosa lisilo lake. Nchi nzima huvuna kidogo.

Humu nchini, wakulima waliupata uchungu huo mwaka wa 2024 ilipogunduliwa kuwa baadhi ya magunia yaliyouzwa katika mpango wa serikali wa mbolea ya bei nafuu, kwa Sh2,500 kila gunia la kilo 50, hayakuwa na mbolea ya kiwango kilichoandikwa. Serikali iliahidi kuwafidia walioathiriwa. Lakini fidia ya gunia hairudishi msimu. Mvua ikishapita imepita, na mahindi yaliyokosa rutuba hayangoji.

Mnunuzi anayejua

Upo pia upande mwingine. Mara nyingine mnunuzi hadanganywi hata kidogo. Anayenunua mkoba wenye jina la kampuni maarufu ya Ulaya kwa Sh1,500 kando ya barabara anajua fika kuwa si halisi. Mnamo 1988, wanauchumi Gene Grossman na Carl Shapiro walitenganisha hali hizi mbili na kueleza kwamba katika hali ya pili mnunuzi hutafuta hadhi ya jina, si ubora wa kitu. Hasara humwangukia zaidi yule aliyelipa bei kamili ili aonekane tofauti na wengine.

Katika mitindo ya mavazi jambo hili limeleta mjadala mkali. Sheria za Marekani hazilindi mkato wa nguo kwa hakimiliki, na hivyo rinda lililoonyeshwa leo huigwa kesho. Mwaka wa 2006, wasomi wa sheria Kal Raustiala na Christopher Sprigman walitoa hoja kwamba uigaji huo haujaiua tasnia ya mitindo, bali umeisukuma mbele. Mtindo ukishaenea kila mahali huchakaa machoni pa watu, nao wenye pesa hutafuta mwingine mpya. Kuiga huharakisha kuchakaa, na kuchakaa huleta kazi mpya kwa wabunifu.

Hoja hiyo haiwezi kuhamishiwa kila mahali. Rinda huonekana lote kwa jicho, na halimdhuru mtu likiwa limeshonwa vibaya. Breki za gari hazina sifa hizo.

Funzo la jiko

Wakenya wengi wana mfano wa jambo hili jikoni mwao. Mapema katika miaka ya 1980, baada ya kongamano la Umoja wa Mataifa kuhusu kawi lililofanyika Nairobi mwaka wa 1981, wataalamu na mafundi wa humu nchini walilichukua jiko la makaa la Thailand na kulibadilisha ili lifae sufuria na mapishi yetu. Likapatikana jiko la bati lenye kiuno chembamba, lililotandikwa kigae cha udongo uliochomwa ndani. Lilipunguza matumizi ya makaa kwa kati ya asilimia 30 na 50 likilinganishwa na jiko la bati tupu.

Jiko hilo halikuwekewa hataza. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo na kwingineko waliliiga bila kumwomba mtu ruhusa, wakashindana, bei ikashuka, na mamia ya maelfu ya familia zikalipata. Umbo lake likaenea hadi Tanzania, Uganda, Rwanda, Ethiopia na Sudan. Ni vigumu kuamini kuwa lingefika mbali hivyo kama kila fundi angelazimika kulipia leseni.

Lakini jiko hilo hilo lilionyesha pia mpaka wa kuiga. Bati lilikuwa rahisi kuigwa kwa kutazama. Kigae hakikuwa hivyo. Mchanganyiko wa udongo na muda wa kuuchoma tanuruni havionekani kwa macho, na baadhi ya waigaji waliuza vigae vilivyopasuka upesi. Mnunuzi aliyeupima wembamba wa bati kwa kidole hakuwa na namna ya kukipima kigae. Pale ambapo ubora ulionekana, kuiga kulileta nafuu. Pale ulipofichika, kuiga kulileta hasara.

Sheria iliyotishia wagonjwa

Tofauti hizi si za kisomi tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, tiba ya kupunguza makali ya Ukimwi kwa dawa zenye hataza iligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Nchini India, sheria ya hataza ya mwaka wa 1970 ilikuwa imeruhusu viwanda kutengeneza dawa ile ile kwa mbinu tofauti. Mnamo Februari 2001, kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kwamba ingeliuzia shirika la madaktari la MSF tiba hiyo kwa dola 350 kwa mwaka. Mwaka huo huo, Kenya ilipitisha Sheria ya Mali ya Kiviwanda iliyofungua njia ya kuagiza dawa kama hizo, zinazoitwa jeneriki. Dawa hizi zina kiambato kile kile, lakini hazijifanyi kuwa za kampuni nyingine.

Kisha ikaja Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya mwaka wa 2008. Nia yake ilikuwa njema, lakini maana iliyotoa ya kughushi ilikuwa pana mno kiasi kwamba dawa ya jeneriki ingeweza kuhesabiwa kuwa ghushi, ikanaswa bandarini na kuharibiwa. Wakenya watatu waliokuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi na kutegemea dawa hizo walikwenda mahakamani mwaka wa 2009. Hoja yao ilikuwa moja: dawa zikizuiwa, watakufa.

Mnamo Aprili 20, 2012, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba vifungu husika vya sheria hiyo, vikitumiwa dhidi ya dawa za jeneriki, vilitishia haki ya uhai, ya utu na ya afya zinazolindwa na Katiba. Alisema haki za wenye hataza haziwezi kutangulizwa mbele ya uhai wa wagonjwa, na akaitaka serikali iifikirie upya sheria hiyo.

Uamuzi huo haukumaanisha kuwa dawa ghushi hazipo. Mnamo Septemba 2011, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa tahadhari kuhusu dawa za Ukimwi zilizoghushiwa na kugunduliwa humu nchini. Jina lililoibwa lilikuwa la dawa ya jeneriki iliyotengenezwa kihalali India. Tukio hilo pekee latosha kuonyesha kwamba jeneriki na ghushi si kitu kimoja: ya kwanza huweza kuathiriwa na ya pili. Mwaka wa 2017, WHO ilikadiria kwamba takriban bidhaa moja kati ya kila 10 za matibabu katika nchi za mapato ya chini na ya wastani ilikuwa duni au ghushi.

Rungu na kodi

Sheria ya 2008 ina makali. Anayepatikana na hatia mara ya kwanza huweza kufungwa hadi miaka mitano, au kutozwa faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja ya bidhaa husika, au adhabu zote mbili. Akirudia, kifungo hufika miaka 15 na faini mara tano. Mamlaka iliyoundwa kuitekeleza ilianza kazi mwaka wa 2010.

Lakini rungu si silaha ya pekee. Usiku wa Septemba 30, 2012, Tume ya Mawasiliano iliagiza simu ghushi zizimwe kwa kutumia nambari ya utambulisho ya kila simu, na zaidi ya simu milioni moja zikanyamaza. Wengi wa waliozimiwa walikuwa watu wa mapato madogo ambao simu hizo ndizo zilizowafungulia mlango wa kutuma na kupokea pesa. Jambo lililorahisisha hatua hiyo ni kwamba mwaka wa 2009 serikali ilikuwa imeondoa ushuru wa VAT kwenye simu, na bei ya simu halali ikashuka. Ushuru huo ulirejeshwa mwaka wa 2013. Pengo kati ya bei ya halisi na ya ghushi ndilo shamba ambamo uhalifu huu huota. Kila linapopanuka, mwenye kughushi huongeza faida.

Aidha, haki za ubunifu zenyewe huweza kutumiwa vibaya. Katikati mwa miaka ya 2000, kampuni moja ya Uingereza ilitaka kulisajili neno ‘kikoy’ kuwa alama yake ya biashara nchini humo. Kama ombi hilo lingefaulu, wafumaji na wauzaji wa kikoi kutoka Afrika Mashariki wangezuiwa kuliita vazi lao kwa jina lake katika soko hilo. Wanaharakati wa biashara ya haki walisimama pamoja na Wakenya kulipinga, nalo likaambulia patupu.

Mnunuzi afanye nini?

Wataalamu hushauri kuwa mnunuzi ajiulize kwanza kama ubora wa anachonunua unaonekana. Kama ni kiti au sufuria, macho na mikono yatosha, na cha kuigwa huenda kikamfaa vyema. Kama ni mbegu, mbolea, dawa, vipuri vya breki au nyaya za umeme, bei iliyo chini mno ya ile ya kawaida ni onyo.

Kwa bidhaa hizo, anunue kwa muuzaji aliyesajiliwa, adai risiti, na akague alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Pakiti za mbegu zilizoidhinishwa zina kibandiko chenye nambari ya siri ambayo mkulima huikwangua na kuithibitisha kwa ujumbe wa simu. Pakiti tupu na risiti vihifadhiwe hadi mavuno, kwani bila hivyo hakuna ushahidi.

Kizuri kitajiuza, kama walivyonena wahenga, ila kwa sharti moja ambalo methali haikulitaja: mnunuzi awe na njia ya kukitambua. Kumpatia njia hiyo ni kazi ya wanaotunga sheria, ya wanaopima viwango na ya wanaouza kwa uaminifu. Mkulima aliyeinama shambani mwezi wa Machi hawezi kuifanya peke yake.